Namba 4.294.967.297 na mtu aliyeigawanya

Watoto, tazameni namba hii: 4.294.967.297. Msiogope urefu wake. Anzeni upande wa mkono wa kuume, mkatenge tarakimu tatu tatu, kama mlivyozoea. Tatu za kwanza zinasomwa kwa mamia, tatu zinazofuata ni za elfu, kisha za milioni, na ile moja inayobaki upande wa kushoto ni ya miliari. Miliari moja ni milioni elfu moja. Basi tunasoma hivi: miliari nne, milioni mia mbili tisini na nne, elfu mia tisa sitini na saba, mia mbili tisini na saba.

Ni namba kubwa kweli. Mtu akihesabu moja, mbili, tatu, nne, akitaja namba moja kila sekunde, mchana na usiku, bila kula wala kulala, itampasa miaka 136 ili aifikie. Hakuna mtu atakayemaliza kazi hiyo. Lakini kalamu na karatasi vinaweza yale ambayo ulimi hauwezi. Leo tutaipima namba hii, na tutasikia habari ya mtu mwenye akili nyingi aliyedhani kwamba haigawanyiki.

1. Namba hii imetoka wapi?

Twaeni kikapu na karanga. Siku ya kwanza tieni karanga 2. Siku ya pili zidisheni mara mbili: zinakuwa 4. Siku ya tatu ni 8, siku ya nne ni 16, siku ya tano ni 32. Mpaka hapo kazi ni ndogo, mtoto anaweza kuzishika karanga zote mkononi. Siku ya 8 ni karanga 256. Siku ya 16 ni 65.536, na kikapu hakitoshi tena, tunataka gunia. Siku ya 20 zimepita milioni: 1.048.576. Siku ya 30 zimepita miliari: 1.073.741.824. Siku ya 32 ni 4.294.967.296. Sasa ongezeni karanga moja tu. Hiyo ndiyo namba yetu.

Iko njia nyingine fupi zaidi ya kufika pale pale. Anzeni na 2, mkazidishe kila namba kwa yenyewe:

2 × 2 = 4
4 × 4 = 16
16 × 16 = 256
256 × 256 = 65.536
65.536 × 65.536 = 4.294.967.296

Sasa kila namba ya mstari huu, tangu ile 2 ya kwanza, iongezeni moja. Mnapata namba sita: 3, 5, 17, 257, 65.537 na 4.294.967.297. Namba hizo sita ni kama ndugu wa tumbo moja. Tano za kwanza zina tabia moja. Je, ya sita nayo ina tabia ile ile? Hilo ndilo ulizo letu.

2. Namba tasa ni namba gani?

Wekeni karanga 12 mezani, mkazipange kwa safu zilizo sawa. Mnaweza kupanga safu 2 zenye karanga 6, au safu 3 zenye karanga 4. Hakuna karanga inayobaki. Basi tunasema kwamba 12 inagawanyika.

Ongezeni karanga moja, ziwe 13. Jaribuni safu 2: moja inabaki. Safu 3: moja inabaki. Safu 4: moja inabaki tena. Safu 5: zinabaki tatu. Hata mkifanya nini, karanga 13 hazikubali kupangwa ila kwa mstari mmoja mrefu. Namba ya namna hii, inayogawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu, inaitwa namba tasa. Namba tasa za kwanza ni 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19 na 23. Namba nyingine zote zilizo kubwa kuliko 1 zinajengwa kwa kuzidisha namba tasa, kama nyumba inavyojengwa kwa matofali. Kwa mfano, 12 ni 2 × 2 × 3.

Sasa tazameni wale ndugu sita. Namba 3 ni tasa. Namba 5 ni tasa. 17 ni tasa. 257 ni tasa: igawanyeni kwa 2, 3, 5, 7, 11 na 13, na kila mara baki litaonekana. 65.537 nayo ni tasa, ingawa kuihakikisha ni kazi ya kutwa nzima. Hao ni watano, na wote ni tasa. Mtu angesema upesi: «Basi, hata wa sita ni tasa.»

3. Neno la Fermat

Mtu mmoja alisema hivyo kweli. Jina lake Pierre de Fermat. Alikuwa mtu wa sheria katika baraza la hukumu la mji wa Toulouse, kusini mwa Ufaransa. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kusikiliza mashauri ya watu, na hesabu zilikuwa furaha yake alipopumzika. Hata hivyo wataalamu wa hesabu wa siku zile hawakuwa na mtu aliyempita katika habari za namba.

Wakati ule hapakuwa na gazeti la hesabu. Wenye elimu waliandikiana barua. Katika mji wa Paris palikuwa na mtawa, Padri Marin Mersenne, aliyepokea barua za wengi na kuwapasha wengine habari zake. Mwaka 1640 Fermat aliwaandikia rafiki zake juu ya namba zetu: 3, 5, 17, 257, 65.537, 4.294.967.297, na zile zinazofuata kwa njia ile ile. Alisema kwamba anaamini zote ni tasa, bila kumaliza. Lakini alikuwa mtu mwaminifu, akasema pia kwamba hana ushahidi kamili.

Fermat alikufa mwaka 1665. Neno lake lilibaki. Watu walijua kwamba mara nyingi alisema kweli katika habari za namba, na miaka ikapita bila mtu kutangaza kwamba ameipima ile namba ya sita.

4. Ulizo la Goldbach na jibu la Euler

Mwishoni mwa mwaka 1729 mtaalamu mmoja, Christian Goldbach, alimwandikia kijana mmoja barua. Alimwuliza kama analijua lile neno la Fermat, tena akamkumbusha kwamba Fermat mwenyewe hakuweza kulihakikisha. Kijana yule aliitwa Leonhard Euler. Alizaliwa Basel, katika nchi ya Uswisi, mwaka 1707, na wakati huo alifanya kazi katika chuo cha wataalamu cha mji wa Saint-Petersburg, nchi ya Urusi. Alikuwa na miaka 22 tu.

Kwanza Euler hakulitia moyoni ulizo lile. Goldbach akamwuliza tena. Ndipo Euler alipoanza kuchungua, na mwaka 1732 akatoa jibu: namba 4.294.967.297 si tasa. Inagawanyika kwa 641.

Tangu 1640 mpaka 1732 ni miaka 92. Muda huo wote neno la mtu mwenye sifa lilisimama, na kumbe halikuwa kweli.

5. Tujaribu sisi wenyewe

Watoto, msikubali jambo hili kwa sababu kitabu kimesema. Twaeni kalamu. Euler anasema kwamba namba yetu ni 641 mara 6.700.417. Tuzidishe polepole:

6.700.417 × 600 = 4.020.250.200
6.700.417 × 40 = 268.016.680
6.700.417 × 1 = 6.700.417

Jumlisheni mistari hii mitatu. Jibu ni 4.294.967.297. Hakuna hata moja inayozidi wala inayopungua. Basi karanga zile miliari nne na zaidi zinaweza kupangwa kwa safu 641, na kila safu ina karanga 6.700.417. Namba 641 ni tasa. Namba 6.700.417 nayo ni tasa. Hayo ndiyo matofali mawili ya namba yetu, wala hakuna mengine.

Iko njia nyingine ya kuhakikisha, nayo haitaki namba kubwa. Tunatazama baki peke yake. Kwanza mfano mdogo. Gawanyeni 10 kwa 7: baki ni 3. Sasa 10 × 10 ni 100. Mkitaka kujua baki la 100, si lazima kugawanya 100. Zidisheni baki kwa baki: 3 × 3 = 9, na 9 kwa 7 inaacha 2. Jaribuni 100 kwa 7: ni 14, baki 2. Ni sawa. Sababu yake ni kwamba sehemu nyingine zote za 100 zimekwisha kupangwa kwa saba saba, hazina baki tena.

Tufanye vivyo hivyo kwa 641. Tunajua kwamba 256 × 256 = 65.536. Gawanyeni 65.536 kwa 641: ni 102, baki 154. Sasa zidisheni baki kwa baki: 154 × 154 = 23.716. Gawanyeni 23.716 kwa 641: ni 36, baki 640. Kwa hiyo 4.294.967.296 ikigawanywa kwa 641 inaacha 640. Ongezeni ile karanga moja ya mwisho: 640 na 1 ni 641, yaani safu moja kamili. Hakuna baki. Hesabu hii inaenea katika kipande kidogo cha karatasi.

6. Kazi ya uvumilivu na kazi ya akili

Kama mtu hajui neno lo lote la Euler, angeweza kufanya nini? Angejaribu namba tasa moja moja: 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea. Hana haja ya kujaribu 6 wala 9, kwa maana namba isiyogawanyika kwa 3 haigawanyiki kwa 6 wala kwa 9.

Tuanze pamoja naye. Kwa 2 haigawanyiki, maana inaishia na 7. Kwa 3 je? Jumlisheni tarakimu zake: 4 + 2 + 9 + 4 + 9 + 6 + 7 + 2 + 9 + 7 = 59. Namba 59 haigawanyiki kwa 3, basi namba yetu nayo haigawanyiki. Kwa 5 haigawanyiki, maana haiishii na 0 wala 5. Kwa 7 inabaki 5. Kwa 11 inabaki 5 tena. Na aendelee hivyo. Namba 641 ni namba tasa ya 116 katika mstari. Mtoto anayegawanya mara kumi kila siku angeifikia siku ya 12. Siku 12 za uvumilivu zingalitosha kujua lile lililokaa miaka 92 bila kutangazwa!

Lakini mtu anayeanza hajui kwamba mwisho wa safari ni 641. Kama namba ingalikuwa tasa kweli, ingalimpasa kujaribu namba tasa zote mpaka 65.536, nazo ni 6.542. Hapo wengi wanachoka kabla ya kuanza.

Akili ya Euler ilifupisha safari hiyo. Baadaye alieleza kwamba namba yo yote, kubwa kuliko 1, inayogawanya 4.294.967.297 bila baki, yenyewe ikigawanywa kwa 64 lazima iache 1. Basi hatuna haja ya kujaribu ila hizi: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Tena futeni zile zisizo tasa: 65 na 385 zinagawanyika kwa 5, 129, 321 na 513 zinagawanyika kwa 3. Zinabaki 193, 257, 449, 577 na 641. Mara ya kwanza baki, mara ya pili baki, mara ya tatu baki, mara ya nne baki. Mara ya tano hakuna baki. Badala ya kujaribu mara 116, tunajaribu mara 5. Mwenye uvumilivu atafika. Mwenye uvumilivu na akili pamoja atafika mapema.

Euler aliishi mpaka mwaka 1783. Uzeeni alipofuka macho, lakini hakuacha kazi. Alifanya hesabu kichwani, na wengine wakamwandikia.

7. Majirani watatu

Sasa tazameni ajabu nyingine. Namba yetu ina majirani wawili walio chini yake: 4.294.967.296 na 4.294.967.295. Wanakaa pamoja, lakini matofali yao hayafanani hata kidogo.

4.294.967.296 inajengwa kwa namba moja tu, yaani 2. Ni 2 iliyowekwa mara 32 na kuzidishwa.

4.294.967.295 inajengwa kwa wale ndugu watano wa kwanza, kila mmoja mara moja: 3 × 5 × 17 × 257 × 65.537. Mkitaka kuona jinsi inavyokuwa, anzeni kidogo kidogo: 3 × 5 = 15, nayo ni 17 kasoro 2. Kisha 15 × 17 = 255, nayo ni 257 kasoro 2. Kisha 255 × 257 = 65.535, nayo ni 65.537 kasoro 2. Mwisho 65.535 × 65.537 = 4.294.967.295, nayo ni namba yetu kasoro 2. Kila mara ni hivyo, na hapa tunao ushahidi kamili, wala si kukisia.

4.294.967.297 yenyewe ni 641 × 6.700.417.

Karanga moja ikiongezwa, safu zote zinabadilika. Ndiyo maana katika hesabu hatuwezi kusema: «Ni karibu na ile, basi itafanana nayo.»

8. Namba zilizofuata

Na ndugu wa saba je? Zidisheni 4.294.967.296 kwa yenyewe, mkaongeze 1. Mnapata 18.446.744.073.709.551.617. Mwaka 1880 Mfaransa mmoja aliyeitwa Landry, mzee wa miaka zaidi ya 80, alitangaza kwamba nayo si tasa: inagawanyika kwa 274.177. Waliofuata, watu wamewapima kwa mashine za kuhesabu. Wengi wamepimwa, na mpaka leo hajaonekana tasa mwingine baada ya wale watano. Fermat alidhani kwamba wote ni tasa; kumbe wanaojulikana kuwa tasa ni 3, 5, 17, 257 na 65.537 tu.

Mtu atauliza: namba hizi zina faida gani? Mwaka 1796 kijana wa Ujerumani, Carl Friedrich Gauss, mwenye miaka 18, aligundua kwamba umbo lenye pande 17 zilizo sawa linaweza kuchorwa barabara kwa rula na kompa tu. Tangu zamani watu walijua kuchora umbo la pande 3 na la pande 5, lakini la pande 17 hakuna aliyejua. Na kwa nini 17? Kwa sababu 17 ni mmoja wa ndugu zetu walio tasa. Hivyo lile neno la Fermat, ingawa halikuwa kweli lote, liliwaonyesha watu namba zenye thamani.

9. Tunajifunza nini?

Wahenga walisema: dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli, lakini mawingu si mvua. Mifano mitano mizuri ni dalili, si ushahidi. Mtu akivuka mto mara tano juu ya mti uliolazwa, hajajua bado kama mti utamchukua mara ya sita.

Tusimdharau Fermat. Alisema wazi kwamba hana ushahidi, na ukweli huo ndio uliomwachia Goldbach nafasi ya kuuliza na Euler nafasi ya kutafuta. Mtu asiyejua akisema «najua», anafunga mlango. Akisema «nadhani», anauacha wazi kwa watakaokuja nyuma.

Tena kumbukeni jambo hili. Katika hesabu mkubwa na mdogo wako sawa. Euler alikuwa kijana, Fermat alikuwa mtu wa sifa nyingi. Lakini 641 haikutazama sifa ya mtu. Mtoto wa shule akizidisha vizuri leo, atapata jibu lile lile lililopatikana Saint-Petersburg mwaka 1732.

Maulizo

1. Someni kwa maneno: 65.537, 1.048.576, 4.294.967.297.
2. Pangeni karanga 15 kwa safu zilizo sawa, kisha karanga 17. Mnaona tofauti gani?
3. Fermat alisema nini mwaka 1640? Je, alikuwa na ushahidi?
4. Zidisheni 6.700.417 kwa 641. Andikeni mistari yote mitatu.
5. Gawanyeni 4.294.967.297 kwa 7. Baki ni ngapi?
6. Hakikisheni kwamba 3 × 5 × 17 × 257 = 65.535.
7. Gawanyeni 641 kwa 64, kisha 6.700.417 kwa 64. Baki ni ngapi kila mara?
8. Kwa nini mifano mitano haikutosha?